Kuchagua pikapu ya familia, mizigo na kambi: mwongozo kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Nauza chakula cha mifugo Ngaramtoni, na pikapu yangu huwa imeegeshwa mbele ya duka kuanzia asubuhi. Kwa hiyo swali hunifikia pale pale kaunta: "Kaka, nataka pikapu ya familia, ya kazi, na ya kutoka kidogo wikendi. Ninunue Hilux au Ranger?" Ameniuliza fundi ujenzi, ameniuliza mwalimu, ameniuliza kijana aliyerudi kutoka Mererani na hela yake mkononi. Nami humrudishia kila mmoja swali lingine: utabeba nini, kilo ngapi, na nani atakaa kiti cha nyuma? Wengi hunyamaza. Rangi wameshaichagua, mzigo bado.

Basi nimeyaandika hapa yote, ili anayekuja kesho nimpe asome kwanza halafu tuongee. Mimi si fundi. Ni mtu aliyenunua pikapu mara mbili, ya kwanza vibaya na ya pili vizuri, na anayeitumia kila siku: mifuko ya pumba na pelleti siku za kazi, watoto watatu na mama mkwe Jumapili, Marangu kila Desemba, na kambi mara tatu au nne kwa mwaka.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Daftari, na wiki mbili za kuandika kila unachobeba au unachokodi gari kubebewa.
- Futi ya fundi seremala.
- Fundi wako mwenyewe, unayemlipa wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni wa dalali.
- Tochi, kitambaa, boksi la kulalia chini ya gari, na sumaku ndogo.
- Familia yote, angalau kwa saa moja, siku ya kujaribu gari.
- Fedha ya gari, na kando yake fedha nyingine isiyopungua asilimia 15 ya bei. Hiyo ni ya tairi, oili zote, bushi, bima na kuhamisha umiliki. Kama bei ya gari inamaliza fedha yote, bado hujafika bei ya gari hilo. Shuka ngazi moja.

Hatua ya 1: Andika mzigo wako kwa kilo

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanaparuka. Usiandike "mizigo ya kawaida". Andika kilo. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 likijaa ni tani moja bila kuhesabu tanki lenyewe. Gunia la mahindi lililojazwa vizuri linakaribia kilo 100.

Mchanga ndio unaodanganya watu. Bodi, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo, kwenye pikapu ya dabo kebini (yenye safu mbili za viti) ina urefu wa mita 1.5 hivi, upana karibu sawa na huo, na kina cha nusu mita kasoro. Ukiijaza mpaka ukingoni umebeba takriban mita moja ya ujazo, na mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina tani 1.5 au zaidi. Mchanga uliolowa unapita hapo. Macho yanaona pikapu imejaa kawaida tu, kumbe imezidishiwa nusu tani.

Sasa tafuta uwezo wa gari. Kwenye kadi ya gari, na kwenye kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, kuna uzito wa jumla unaoruhusiwa. Toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho uwezo wa kubeba, na ndani yake wamo watu wote walioketi pamoja na kila chuma ulichoongeza.

Chukua pikapu yenye uzito wa jumla wa kilo 2,900 na uzito mtupu wa kilo 1,900. Vijiweni wataiita ya tani moja, na kwa karatasi ni kweli. Toa watu watano, kilo 330. Toa kanopi, kilo 80. Bampa la chuma na winchi, kilo 80. Hema la juu na keria, kilo 70. Maji lita 60. Umebakiwa na kilo 380, yaani mifuko saba ya saruji na kidogo. Hiyo ndiyo pikapu yako ya tani moja siku ya safari ya familia.

Kosa la kawaida: kununua gari kwa ajili ya safari moja ya mwaka. Kama unabeba tani moja kila siku na kambi unakwenda Pasaka tu, nunua gari la mzigo, hema utaazima. Kama mzigo wako mkubwa ni mikungu ya ndizi ya bibi kutoka Kibosho, huhitaji gari la kubeba kokoto. Ukihitaji kokoto, kodi kenta siku hiyo.

Hatua ya 2: Chagua kebini

Ziko tatu. Singo kebini ina bodi ya mita 2.2 hadi 2.4 na viti viwili au vitatu. Ekstra kebini ina bodi ya mita 1.8 hivi na viti vidogo nyuma ambavyo mtu mzima hafiki navyo hata Moshi, ingawa ni kilomita 80 tu. Dabo kebini inabeba watu watano na bodi yake ni fupi.

Mwenye watoto hana mjadala, ni dabo kebini. Watoto hawapandi nyuma kwenye bodi, hata kama ni kutoka kanisani tu, hata kama kuna turubai. Bodi haina mkanda wala kiti, na tuta moja lililovamiwa kwa kasi linamrusha mtoto nje.

Dabo kebini zenyewe hazifanani. Nyingine egemeo la nyuma limesimama wima kama benchi la shule. Kwa hiyo peleka familia. Mkalishe mrefu wenu mbele, kisha mwingine akae nyuma yake, uone magoti yanagusa wapi. Hakikisha mikanda yote mitatu ya nyuma inatoka na kujifunga. Kwenye magari yaliyotumika, mkanda wa katikati mara nyingi umezama chini ya kiti na haujaguswa miaka. Mwambie mzee wenu apande na kushuka mara mbili. Mama mkwe wangu alijaribu Land Cruiser iliyoinuliwa, akashika mlango, akashika kiti, akashusha mguu, akasema taratibu, "Mwanangu, hili nitakuwa naliogopa." Tukaondoka pale. Gari ambalo bibi analiogopa halitampeleka kliniki.

Kama unapanga kulala kwenye bodi, fungua futi yako. Mtu wa futi tano na nusu ana mita 1.68; kwenye bodi ya mita 1.5 atalala amejikunja au mlango wa nyuma ukiwa wazi. Pima ndani ya bodi, pembeni mwa matao ya tairi, uandike. Usikubali neno la muuzaji.

Hatua ya 3: Amua kuhusu fowili

Kama maisha yako ni Njiro, Kilombero, Sakina na lami ya kwenda Himo, huhitaji fowili, yaani gari linalosukumwa na tairi zote nne. Tairi nzuri zinatosha, na utaokoa fedha ya kununua, ya mafuta na ya difu (gia za ekseli) ya mbele. Lakini kama unapanda Uru, Kibosho au Old Moshi wakati wa masika, Machi hadi Mei, ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na njia zenyewe ni za kupanda na kushuka. Na kama ndoto yako ni Ziwa Natron, kuna kipande kirefu cha mawe na vumbi la volkano kutoka Mto wa Mbu. Huko fowili ni chombo cha kazi.

Angalizo: kuna pikapu zilizoinuliwa juu sawa kabisa na za fowili lakini zinasukuma tairi za nyuma tu. Kwa nje hutofautishi. Chungulia ndani kama kuna lever ya pili au swichi yenye 2H, 4H na 4L, kisha lala chini uone kama kuna shafti inayokwenda mbele. Nimewaona watu wawili waliolipa bei ya fowili wakapewa urefu.

Kwa aliye mgeni wa swichi hiyo: 2H ni ya lami. 4H ni ya tope, changarawe na mchanga. 4L ni ya mwendo wa pole pole kwenye mlima mkali, mawe au kujinasua. Kwenye pikapu nyingi usitumie 4H kwenye lami kavu. Kwenye kona tairi za mbele hutembea mbali kuliko za nyuma, na fowili imezifunga zizunguke sawa. Kwenye tope zitateleza kidogo na mkazo utoke, kwenye lami haziwezi, kwa hiyo mkazo wote unaingia kwenye gia na shafti. Baadhi ya Mitsubishi L200 zina mfumo wa Super Select ambao una hatua ya fowili inayoruhusiwa kwenye lami. Uliza kabla ya kudhani.

Hatua ya 4: Injini

Sitakaa sana hapa. Mzigo na milima vinataka dizeli, kwa sababu inavuta tangu chini. Dizeli za kisasa zina nozeli za presha kubwa zisizovumilia maji wala uchafu, kwa hiyo jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, badilisha chujio la dizeli kwa wakati, na usinunue mafuta ya vidumu barabarani. Petroli, kama Hilux ya 2.7, ni rahisi kutengeneza lakini inakunywa. Ukiipakia na kuipandisha mlima tarajia kilomita saba au nane kwa lita. Anayezunguka mjini na mizigo myepesi asiidharau.

Hatua ya 5: Sasa ndipo uchague jina

Toyota Hilux ndiyo inayotafutwa zaidi, na ndiyo maana bei yake haishuki. Muundo wake wa Vigo ni wa 2004 hadi 2015. Muundo wa Revo ulianza 2015. Vigo ya 3.0 dizeli ina jambo moja la kumwambia fundi: washa za chini ya nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili, yanaziba chujio la chini ya injini, na oili inakosa njia. Zibadilishwe mapema.

Kuna lingine la kujua. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 ikarudi 2017. Ukiambiwa Vigo ya 2009 "ilikuwa ya Mjapani mmoja", uliza ilitumika wapi kweli, maana nyingi zilizunguka Thailand, Australia, Afrika Kusini au Uingereza. Si jambo baya, ila linabadilisha utakachokagua. Gari lililotumika Uingereza limepita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi inakula chesisi. Nissan Navara za muundo wa D40 zilijulikana huko kwa chesisi kuoza hadi kukatika. Navara nzuri zipo, lakini usinunue bila kulala chini yake.

Isuzu D-Max ni mvumilivu wa mzigo na siioni ikisifiwa inavyostahili. Ford Ranger ina nafasi nzuri ndani na inatulia barabarani. Watoto wangu wangeichagua. Kwa injini zake za 2.2 na 3.2 mwambie fundi asimwage oili halafu aende kula: injini ikikaa bila oili muda mrefu, pampu inaweza kukosa kuvuta tena. Mitsubishi L200 hupinda kona vizuri na bei yake ni ya kibinadamu.

Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, ni mnyama wa porini. Arusha tuna bahati, magari ya utalii yametuletea mafundi na spea zake kila kona. Lakini ni nzito, inakunywa, ina mtikisiko, na nyingi zina viti vya mbele tu. Ni gari la kazi linalokubali kwenda kambi. Gari la familia si hilo.

Kabla hujaamua, zunguka maduka matatu ya spea ya mjini kwako, uulize bei ya vitu vinne: chujio la dizeli, pedi za breki, shokapu ya nyuma na kioo cha mbele. Kama maduka mawili yatasema "tutaagiza Dar", umepata jibu.

Hatua ya 6: Likague likiwa baridi

Nenda asubuhi na usiseme unafika saa ngapi. Weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, mtu ameshaliwasha ili usione linavyowaka, basi rudi siku nyingine.

Likiwashwa, simama nyuma. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi unaoisha haraka si tatizo. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi mzito ni nozeli, turbo au chujio la hewa. Fungua mfuniko wa oili injini ikiunguruma: ikipumua kidogo ni sawa, ikitema moshi kwa mapigo kama treni, ondoka. Kwenye rejeta, likiwa bado baridi, maji yasiwe na utando wa oili wala mapovu yasiyokoma.

Kisha chesisi. Hapa nina deni la kusema. Pikapu yangu ya kwanza niliinunua kwa dalali, namba C, imepakwa rangi ikang'aa, na chini imepigwa rangi nyeusi nzito. Niliona ni usafi. Mwezi wa tatu nilikuwa natoka Usa River na mifuko 22, nikapanda tuta, nikasikia mlio mmoja mkavu nyuma ya kiti. Niliposhuka nikaona nafasi kati ya kebini na bodi: chini imebana mpaka bati linagusana, juu ingepita ngumi. Fundi aliikwangua ile rangi nyeusi kwa bisibisi. Ilitoka kama gome. Chini yake kulikuwa na kiraka cha bati kilichochomelewa kufunika mahali chesisi ilipokatika zamani, na pembeni mwa kiraka ufa mpya unang'aa kama fedha. Niliiuza kwa bei ya spea.

Kwa hiyo fanya hivi. Simama ubavuni, mita tano, uangalie nafasi kati ya kebini na bodi: iwe sawa juu mpaka chini, pande zote mbili. Lala chini na tochi ufuate chesisi kwa mkono tangu mbele mpaka nyuma, ukae zaidi nyuma ya kebini na juu ya springi za nyuma. Gonga kwa spana kila sentimita 20. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa mlio mzito uliokufa. Rangi nyeusi nene na mpya chini ya gari la zamani ikwanguliwe kabla ya fedha kutoka. Muuzaji akikataa, amekujibu. Pitisha sumaku kwenye bodi na milango. Isiposhika, hapo kuna puti, ile plasta ya kuziba bati lililobonyea au kuoza.

Angalia pia namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, iwe sawa na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye miaka saba hata kama kashata (meno) zake ni ndefu, mpira wake umekauka.

Na usidanganywe na namba ya usajili. Namba E inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii lilitengenezwa lini.

Hatua ya 7: Lijaribu na mzigo

Wengi hujaribu pikapu tupu kwenye lami, wakafurahi. Weka mifuko 10 ya saruji au mchanga, familia ndani, upande mlima wowote wenye kona. Sikiliza giaboksi kwenye gia ya pili na ya tatu. Tazama kipimo cha joto. Kwenye kushuka shika breki mara moja kwa nguvu barabara ikiwa wazi: likivuta upande, kuna kazi.

Kisha tafuta uwanja wa vumbi, weka 4H, kata kona kali pole pole. Ukihisi gari linajizuia na usukani unakuwa mgumu, furahi, fowili inafanya kazi. Likizunguka kirahisi kama kawaida, haijashika. Weka 4L, nenda mbele na nyuma. Mlio wa "kaa" kila unapobadilisha ni shafti au difu iliyochoka. Rudisha 2H kabla ya kurudi lami.

Hatua ya 8: Karatasi

Usipite haraka hapa hata kama muuzaji ni ndugu. Kadi halisi, siyo nakala. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na kitambulisho chake ukione. Kama kadi iko benki kwa sababu ya mkopo, malipo yaende kwanza kumaliza mkopo huo. Tafuta kwa namba ya gari kama kuna deni la faini za trafiki au la maegesho ya TARURA, na uhakiki kama bima iliyopo ni hai. Mkataba wa mauziano muufanye mbele ya wakili, fedha ipite benki, na uhamishaji TRA uanze wiki hiyo hiyo. Anayeagiza kutoka nje apige hesabu ya kodi kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni kabla ya kulipia gari.

Ukipanga kubebea watu mizigo kwa malipo, nenda LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ukaulize leseni inayokuhusu, na umwambie wakala wa bima ukweli. Bima ya matumizi binafsi inaweza kukuacha njiani siku ya ajali na mzigo wa mtu.

Hatua ya 9: Iandae kwa kambi bila kuiharibia kazi

Usifunge kila kitu siku ya kwanza. Tairi nzuri, ndoano imara za kufungia mzigo, turubai au kanopi, jeki inayofika chini ya pikapu iliyopakiwa, ubao wa kuweka chini ya jeki, koleo, kamba ya kuvutia na pampu ya upepo. Hema la chini la kawaida linatosha, halipunguzi uwezo wa kubeba na unaliacha nyumbani Jumatatu.

Kizito kikae chini, mbele, karibu na kebini: maji, betri, kreti. Vyepesi nyuma na juu. Petroli au dizeli ya akiba isikae ndani ya kebini na watu.

Lala usiku wa kwanza karibu. Sisi wa Arusha tuna Ziwa Duluti pale Tengeru. Ukisahau sufuria unarudi. Baada ya hapo nenda Ziwa Chala au Mkomazi, na Natron iwe ya mwisho. Kama unaingia hifadhi za TANAPA, fahamu kwamba ada ya gari huangalia uzito wake na mahali liliposajiliwa, kwa hiyo kadi iwe karibu.

Onyo moja nalisisitiza kwa nguvu zote: usiku wa baridi, jiko la mkaa lisiingie kwenye hema wala chini ya kanopi iliyofungwa. Hewa yake haina harufu na inaua waliolala. Vaeni masweta, ongezeni blanketi.

Matatizo yanayorudi rudi, na pa kuanzia

*Nimeweka fowili, tairi za mbele hazivuti.* Kwenye Hilux za zamani na Land Cruiser nyingi kuna vifundo katikati ya magurudumu ya mbele vinavyozungushwa kwa mkono kutoka FREE kwenda LOCK. Shuka uvizungushe vyote viwili. Fanya hivyo kabla ya tope. Ukiwa umeshazama utavitafuta kwa vidole chini ya matope.

*Taa zinapiga juu na usukani umekuwa mwepesi.* Mzigo umeelemea nyuma ya ekseli. Sogeza mbele. Ikiwa umeshasogeza na bado, umezidisha.

*Nyuma imelala hata ikiwa tupu.* Springi zimechoka au jani limekatika. Kuongeza majani mawili kutainua gari, lakini hakuongezi uwezo wa chesisi wala breki, na watoto watarushwa kama karanga kwenye kikaango. Ongeza moja tu.

*Vumbi linaingia kwenye bodi hata kwa kanopi.* Linapita pembeni mwa mlango wa nyuma, kwa sababu gari likienda hewa ya nyuma huvuta vumbi ndani. Bandika mpira wa mlango wa gari kuzunguka mlango wote, hasa chini kwenye bawaba. Nguo na unga viwe kwenye ndoo zenye mifuniko.

*Kwenye kushuka kutoka Marangu breki zinanuka na kanyagio linazama.* Simama mahali salama, acha zipoe zenyewe, usimwagie maji. Ukianza tena shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, na uguse breki kwa vipindi. Ikijirudia bila mzigo, oili ya breki na pedi zikaguliwe kabla ya safari nyingine.

*Taa ya chujio la dizeli imewaka.* Mara nyingi ni maji yamekusanyika. Chini ya chujio kuna kijiskrubu. Weka chombo, kifungue, acha maji yatoke mpaka dizeli safi ianze, kisha funga. Taa ikirudi siku hiyo hiyo, badilisha kituo unachojazia.

*Imezama, tairi zinazunguka tu.* Acha kukanyaga mafuta, kila mzunguko unakuchimbia shimo. Shusheni watu na mzigo, pigeni koleo mbele ya tairi zote nne, punguzeni upepo hadi psi 20 hivi, 4L, gia ya pili, pole pole. Na mtu yeyote asisimame karibu na kamba ya kuvutia ikiwa imekaza, hata aliyekuja na trekta kusaidia. Ukishatoka, jaza upepo kwanza, ndipo upakie.